Jani Lililolala Gesti

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Mtoto akianza kuniambia daftari lake limeliwa na mbuzi, kabla hajamaliza sentensi nimeshajua kama kwao wanafuga mbuzi au hawafugi. Nasema hivi mapema ili mtu asije akanihurumia, akasema maskini dada wa watu, alidanganywa na mdogo wake. Sikudanganywa. Ile Ijumaa pale Arusha nilijua kila kitu kabla jua halijazama, nikanyamaza.

Tulikuwa tunakwenda Akheri kuomba msamaha. Mwenye kosa ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, fundi umeme mzuri tu, ila kamari ilikuwa imemshika. Alianza na mikeka ya mpira kwenye simu kama vijana wote, akahamia kwenye mashine za kasino, na mwisho wake siku moja mkewe alitoka mazoezi ya kwaya, akafika nyumbani, pale Moshi walikokuwa wanaishi, akakuta cherehani chake hakipo. Yule binti ni fundi nguo, na cherehani kile alikuwa nacho tangu kabla ya ndoa. Hakupiga kelele wala hakuita majirani. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua mkasi wake na futi yake ya kupimia, akarudi kwa baba yake Akheri.

Mdogo wangu nikamchukua mimi. Ninaishi Babati, nimefundisha huko miaka mingi, na nyumba yangu ina chumba cha ziada. Alikaa kwangu miezi minane. Simu yake ya kugusa nilimnyang'anya siku ya kwanza, nikampa kitochi. Alipata vibarua vya kufunga umeme, jioni anarudi anakula, Jumapili tunakwenda ibadani pamoja. Miezi minane yote hakugusa kamari. Hilo ni kweli, naapa, na ndiyo maana ilipofika Julai nikasema sasa inatosha, twende tukamrudishe mke.

Sisi ni watu wa Rombo, na kwetu mtu aliyekosa haendi kuomba msamaha kwa mdomo mtupu. Anakwenda na jani la sale, lile refu la kijani kibichi tunalopanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, na kuzunguka nyumba. Nimeyapanda hata Babati. Ukiletewa jani la sale hulirudishi. Unaweza kulia, unaweza kumtukana mkosaji mpaka uridhike, lakini mwisho unapokea na unasamehe. Wakwe wa mdogo wangu ni Wameru, nao jambo hili wanalielewa vizuri, hatukuhitaji kumfafanulia mtu.

Kuna sehemu ya pili ambayo watoto wa siku hizi hawaijui. Kwa jinsi mama alivyotufundisha, mkosaji halibebi jani mwenyewe. Linabebwa na mtu mzima wa ukoo wake, mtu anayeheshimika, na huyo ndiye anayesimama na kusema: mtu huyu nimemwangalia, amebadilika. Aliyekosewa hana pa kukatalia. Lakini mbebaji anaweza. Hata akiwa ameshafika mlangoni, akiona moyo wake unasita, anaruhusiwa kusema, jamani, bado, tunarudi nalo. Yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa hiyo. Na jani likishakatwa linatakiwa liende moja kwa moja lilikokusudiwa, lisilazwe njiani.

Mbebaji nilikuwa mimi. Na nikalilaza njiani, tena gesti.

Wakwe walitaka tufike Jumamosi saa mbili asubuhi, na kutoka Babati hatungeweza kuwahi bila kulala Arusha. Shangazi yetu anaishi Olasiti, hapo hapo Arusha, nyumba kubwa, vitanda tele. Lakini mdomo wa shangazi naujua. Ukinywa chai kwake saa kumi, saa kumi na mbili ukoo mzima mpaka Rombo wameshajua umekuja kufanya nini. Nikasema hapana, tutalala gesti kimya kimya.

"Niachie mimi, dada," mdogo wangu akasema. Akachukua simu yangu, akapekua kidogo, akanionyesha picha. Hoteli, jamani! Bwawa la kuogelea, taulo zimekunjwa kama bata juu ya kitanda, mlima umesimama dirishani. Kifungua kinywa bure. Na bei ilikuwa chini kuliko zile gesti za stendi ambazo usiku kucha unasikia makonda wakigombana.

"Mbona rahisi hivi?" nikamuuliza.

"Msimu mbaya, dada. Wateja hakuna."

Ebo! Julai, Arusha, watalii wamejaa mpaka kwenye foleni za benki, msimu mbaya wa nini? Mtoto wa darasa la nne angeniambia hivyo ningemsimamisha mbele ya wenzake aeleze. Mimi nikasema sawa, weka nafasi, vyumba viwili. Alfajiri ya Ijumaa nikakata jani, nikalifunga kwa gazeti lenye maji, nikaliweka kwenye kikapu juu ya nguo zangu za kanisani.

Arusha tulifika saa nane mchana. Ilikuwa ile baridi ya Julai ya kule, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa, mlima wenyewe haupo kabisa, kama haukuwahi kuwepo. Tulichukua bajaji. Dereva hakuifahamu hoteli kwa jina. Mdogo wangu akainama mbele: kata kushoto hapa, pita nyuma ya ile stoo, sasa ingia geti lile dogo. Nilimsikiliza anavyoelekeza. Huyu mtu aliniambia ameiona kwa mara ya kwanza kwenye simu yangu. Nikajiambia labda aliwahi kufanya kazi ya umeme karibu na hapo, maana zamani alikuwa akipata kazi mjini Arusha. Niliendelea kujiambia hivyo mpaka tukashuka.

Mapokezi palikuwa na dada mmoja mwenye kucha ndefu nyekundu. Alipomwona mdogo wangu akatabasamu.

"Karibu tena, bosi. Chumba kile kile?"

Mdogo wangu akacheka. "Umenifananisha, dada."

Yule dada akanitazama mimi, akatazama kitenge changu na kikapu changu, tabasamu likafutika. "Samahani," akasema, "wateja ni wengi." Akaanza kuandika majina yetu na hakuinua tena uso.

Nyuma yake palikuwa na rafu. Nilidhani ni vitu vya kuuza. Kulikuwa na simu nyingi, kila moja imefungwa rababendi na kikaratasi. Saa za mkononi. Kompyuta ndogo mbili. Kiti cha gari cha mtoto mchanga. Juu kabisa palining'inia suti nyeusi ndani ya nailoni ya dobi, na ua la harusi bado limebanwa kwenye kola, limekauka.

"Hivi ni vya nani?" nikauliza.

"Vya wateja, mama. Watakuja kuvifuata."

Nilikuwa na miaka hamsini na moja wakati ule, si mtoto. Mwili wote uliniambia chukua kikapu chako utoke. Lakini nilikuwa nimechoka na safari, mkojo umenibana, na nikachukua ufunguo.

Sasa niwaambie kuhusu hiyo hoteli. Bwawa lilikuwepo, sisemi halikuwepo. Lilikuwa limejaa mbao za ujenzi na maji ya mvua ya kijani, na chura mmoja. Taulo lilikuwa moja, jepesi, limetobolewa na sigara. Kwenye swichi ya maji ya moto mtu ameandika kwa kalamu, usishike bomba likiwa limewashwa. Mwonekano wa Mlima Meru ulipatikana kwa kupanda juu ya sinki la choo na kuchungulia kidirisha cha bafu, na nilipanda, kwa hasira tu, nikaona ukuta, na juu ya ukuta ukungu. Mlango wa chumba ulikuwa na alama za vitasa vitatu vya zamani vilivyong'olewa. Na chini, usawa wa goti, mbao ilikuwa imebonyea. Mtu alikuwa ameupiga mateke mlango ule, zaidi ya mara moja.

Nililiweka jani kwenye ndoo yenye maji bafuni. Mdogo wangu alikuja kusimama mlangoni kwangu kuniuliza kama nimeridhika.

"Nimeridhika nini? Hii ni hoteli au ni jela?"

Akacheka. Ndipo nikasikia mlio. Ulikuwa unatoka chini, kwenye sakafu, unapanda miguuni. Muziki mdogo wa kitoto, ting ting ting, unakatika, unaanza tena, mwingine unauingilia.

"Nini hicho?"

"Jenereta."

"Jenereta gani linaimba?"

Alikuwa ameegemea fremu ya mlango na kidole chake kimoja, cha shahada, kilikuwa kinagonga mbao taratibu. Kinagonga, kinasubiri, kinagonga. Yeye mwenyewe hakujua kinafanya hivyo. Nikamwambia akapumzike, kesho ni siku kubwa, na yeye akaniitikia vizuri, "Ndiyo, dada," akaingia chumba cha mkabala.

Nilijilaza nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka ilikuwa saa kumi na dakika chache, chumba kimekuwa cha kijivu na baridi imeniingia mpaka kwenye mifupa. Nikagonga mlango wake. Kimya. Nikagonga tena, nikamwita kwa jina lake la nyumbani. Kitasa kikafunguka chenyewe. Kitanda hakikuwa kimekaliwa. Begi lake lilikuwa wazi, na suti ya kijivu niliyomshoneshea kwa ajili ya kesho haikuwemo.

Sikwenda mapokezi kuuliza. Nilifuata mlio. Nilishuka ngazi za nyuma, zile zenye zulia jekundu linalonata kwenye viatu, ghorofa ya pili, ya kwanza, chini kabisa. Njiani nilikutana na mwanaume ameketi kwenye ngazi, shati zuri, tai imelegea, anatazama viganja vyake. Nilimsalimia. Hakunisikia. Mwisho wa ngazi palikuwa na pazia zito na mlinzi mwenye suti.

"Karibu, mama. Kuingia bure. Soda bure."

Alilisogeza pazia kwa heshima kabisa. Sikuingia. Nilisimama pale pale nikatazama.

Sijui nilitegemea kuona nini, labda kelele, ulevi, wanawake nusu uchi kama tunavyohubiriwa. Hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Ilikuwa kasino, ndiyo, lakini ilikuwa tulivu kuliko chumba cha mtihani. Hapakuwa na dirisha hata moja, wala saa ukutani. Nje ilikuwa alasiri, watu wanauza ndizi, watoto wanatoka shule, na mle ndani hakuna alasiri. Watu kama kumi na watano wameketi kila mtu na mashine yake, hakuna anayemwangalia mwenzake. Karibu na mimi alikuwa mama wa umri wangu, kikapu chake cha sokoni kipo miguuni, mchicha umelala pembeni umenyauka. Nikajiuliza nyumbani kwake wanamsubiri tangu saa ngapi.

Na pale kwenye safu ya tatu nikaona koti la kijivu. Nililifahamu kwa mshono wa mgongoni, maana fundi wa Babati aliupinda kidogo na niligombana naye. Mdogo wangu alikuwa ameinama, mkono wa kushoto ameuweka juu ya mashine, anaipapasa. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anaongea nayo. Sikumsikia kwa ule muziki, lakini namna alivyoinamisha shingo niliijua. Mama alipokuwa mgonjwa miezi ile ya mwisho, ndivyo alivyokuwa akikaa kitandani kwake na kumbembeleza anywe uji. Nililia pale pale, machozi yalitoka tu bila kwikwi.

"Unamfahamu yule, mama?" mlinzi akaniuliza.

Ningeweza kumwita. Zilikuwa hatua kama nane. Ningemshika kola kama nilivyomshika alipokuwa na miaka saba, ningemtoa nje, ningelala kwa shangazi, na Jumamosi asubuhi ningekwenda Akheri peke yangu nikasema, wazee wangu, bado, tutarudi siku nyingine. Ningerudi naye Babati. Na hapo ndipo miguu ilipogoma. Nirudi naye Babati? Nianze tena kumpekua mifuko, nianze tena kulala sikio moja liko kwenye chumba chake? Mchungaji nilikuwa nimeshamuaga, walimu wenzangu walikuwa wameshanipongeza ofisini na kuniita jemadari. Nilikuwa nimechoka naye. Ndugu yangu wa damu, nampenda, na nilikuwa nimemchoka mpaka rohoni. Nilitaka mtu mwingine ampokee.

"Simfahamu," nikamwambia mlinzi.

Nikapanda ngazi. Yule mwanaume wa tai alikuwa hayupo tena, zimebaki soksi zake, zimekunjwa vizuri. Mpaka leo sijui viatu vyake alivipeleka wapi na kwa nini soksi aliziacha.

Saa kumi na mbili mdogo wangu aligonga mlango wangu na chipsi kuku kwenye mfuko. Amechangamka, macho yanang'aa, meno yote nje. Alisema, "Dada, nilikwenda kunyoa, kuna kinyozi mmoja hapo nyuma, foleni yake usipime!"

Nikamtazama kichwa. Nywele zilikuwa vile vile tulivyotoka nazo Babati, hata unyasi mdogo wa kwenye basi bado ulikuwa juu ya sikio. Alikuwa ananitazama usoni, anasubiri. Nadhani alijua kwamba najua. Nadhani sote wawili tulikuwa tumesimama pale tunasubiri mmoja aseme.

"Umependeza," nikamwambia. "Tule, zisipoe."

Tukala. Chipsi zile sikuzisikia ladha.

Asubuhi jambo la kwanza nilikwenda bafuni kuliangalia jani. Usiku kucha nilikuwa nimemwomba Mungu ishara, niwaambie ukweli. Nilitamani nilikute limenyauka, au limeoza, au hata panya amelitafuna, nipate sababu ya kugeuka. Lilikuwa zima. Kijani, limenyooka, limekunywa maji vizuri. Sale ni mmea mgumu, haufi kwa kulala gesti. Nikalifuta maji nikalifunga kwenye kitambaa cheupe. Kifungua kinywa cha bure kilikuwa chapati ya jana na chai ya rangi, nikaviacha mezani.

Tulikodi teksi tukachukua barabara ya Moshi, tukaacha lami, tukapanda kuelekea Akheri. Mlima haukuonekana hata tulipokuwa tumeukaribia. Ukungu ulikuwa ndani ya migomba, unapita kati ya mashina taratibu, na matone yanaanguka kwenye majani ingawa mvua hainyeshi. Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti cha mbele. Kidole chake kilikuwa kinagonga goti. Nilitazama nje.

Baba mkwe wake alitupokea mlangoni, mzee mrefu mwenye koti la kanisani na buti za shamba. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitikia marahaba na kuushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Sebuleni walikuwa wazee wengine watatu wa ukoo, na mke wa mdogo wangu ameketi karibu na mlango wa jikoni, kitambaa kichwani, mtoto mapajani. Alikuwa amekonda. Niliposimama na kukifungua kile kitambaa cheupe, mzee mmoja akasema kitu kwa Kimeru, wengine wakaguna kwa kukubali.

Mdogo wangu alipiga magoti. Alilia, na alilia kweli, sisemi aliigiza. Alisema amekosa mbele za Mungu na mbele ya mkewe.

Yule mzee hakulichukua jani mara moja. Alinigeukia mimi. "Mwalimu," akasema, "sisi jani hili tunaliheshimu, na binti yangu analiheshimu. Hatutalirudisha. Lakini huyu amekaa kwako, wewe ndiye uliyemwona kwa macho. Kabla sijanyoosha mkono, nakuuliza wewe. Ameacha?"

Nilisikia maji yakipita kwenye mfereji nje. Nikamtazama wifi yangu, na yeye alikuwa ananitazama. Hakumtazama mumewe aliyekuwa analia chini, hakumtazama baba yake. Alikuwa amenikazia macho mimi, hapepesi, mikono imemkumbatia mtoto. Nikasoma macho yale kama mtu anavyosoma anachotaka. Nikasema moyoni, huyu binti anamtaka mume wake, ananiomba nisiharibu.

"Ameacha, baba," nikasema. "Miezi minane nimekaa naye. Ameacha."

Mzee akalipokea jani. Wanawake wakapiga vigelegele jikoni. Wifi yangu akainamisha kichwa. Tuliletewa mtori wa ndizi, nikaumaliza wote, nikaombwa nifunge kwa sala, na nikafunga, Mungu anisamehe, kwa sala ndefu. Juma lililofuata wifi alirudi kwa mumewe Moshi na mtoto, na cherehani kipya alichonunuliwa na baba yake.

Hamkosi kujua kilichofuata. Kilichukua miezi mitano. Cherehani kilikwenda, kikafuatwa na kitanda, na siku ya mwisho ulikwenda hata mtungi wa gesi huku maharage yakiwa jikoni. Halafu mdogo wangu mwenyewe akaondoka, na simu yake haipatikani mpaka leo. Mara moja kuna mtu alisema amemwona Arusha, karibu na stendi, mchana, hana koti. Nilikwenda kumtafuta siku mbili, sikumpata. Kule hotelini sikuingia. Nilipita upande wa pili wa barabara nikaona zile taa za mbele zinakimbia mchana kweupe, nikaongeza mwendo.

Wifi alirudi Akheri, akapata kazi kwenye shamba la maua Usa River, kukata na kufunga waridi. Ilinichukua mwaka kupata uso wa kwenda kumwona. Nilikwenda Jumapili, siku yake ya mapumziko, mikono mitupu. Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba anachambua maharage kwenye ungo, vidole vimejaa michubuko ya miiba. Alinivutia kigoda. Hakunifokea wala hakunikumbatia. Tuliulizana habari za afya, za shule, za mvua, mpaka habari zikatuishia.

Nikamwambia yote. Rafu ya mapokezi, mlio, ngazi, koti la kijivu, mlinzi, nywele zisizonyolewa. Nikamwambia, "Wifi, siku ile nilijua. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu jana yake."

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa.

"Hata mimi nilijua," akasema. "Nilijua mlivyoingia tu mlangoni. Alikuwa na yale macho. Akitoka kule anakuwa na macho yale siku mbili nzima." Akatikisa ungo. "Mimi ningekataaje, wifi? Jani liko mkononi mwako, baba yangu kasimama, wazee wamekaa. Mtu pekee aliyekuwa na ruhusa ya kusema bado ni wewe. Nikakukazia macho, nikasema huyu ni mwalimu, ni mtu wa kanisa, ataniokoa. Nilikuwa namwomba Mungu useme tu hilo neno, nibaki kwetu na mwanangu."